Fomu ya meli iliyomfikisha mama kwenye barafu

"Je, umewahi kupata kiharusi, au dalili zozote za kiharusi?"

Mama alikuwa ameketi barazani kwetu Tanga, ungo wa mchele mapajani. Mimi nilikuwa na kompyuta, nikimsomea maswali ya fomu ya afya ya meli. Mpaka hapo tulikuwa tunakwenda vizuri. Presha, ndiyo. Kisukari, ndiyo. Dawa anazotumia, nimeziandika zote. Swali la kiharusi lilipofika, mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Andika hapana," akasema.

"Na ile asubuhi ya mwaka juzi, mama?"

"Ule ulikuwa upepo tu, mwanangu. Ulipita. Andika hapana, tuendelee."

Asubuhi ile naikumbuka vizuri. Mdomo wake ulikwenda upande, kikombe kikamponyoka mkono wa kushoto, maneno yakawa hayatoki sawasawa. Baada ya nusu saa alikuwa mzima, anaulizia chai yake. Hospitali walituambia ni kiharusi cha kupita: damu ilizuiwa kwa muda mfupi kufika kwenye sehemu ya ubongo, kisha njia ikafunguka. Wakasema lile ni onyo, na onyo halipuuzwi.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nimeshaandika sana juu ya watu wanaoficha maradhi yao mpaka yanawashinda. Lakini siku ile kidole changu kilisimama juu ya neno "hapana" kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilijua nikijaza "ndiyo", safari ya mama inaweza kufia pale pale barazani.

Safari ya chaki

Mama alifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini. Somo alilolipenda ni jiografia. Alikuwa akichora duara kubwa ubaoni, anaweka weupe juu na chini, kisha anawaambia watoto kuwa huko juu kuna majira ambayo jua halizami, na kuna dubu weupe wanaotembea juu ya bahari iliyoganda. Watoto wa Tanga, wenye joto lao la Februari, walikuwa wanacheka.

Mama mdogo anaishi Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, na anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Dada yake alipostaafu, alianza kuweka akiba kimyakimya. Siku moja akapiga simu: "Dada, jiandae. Tunakwenda kuliona lile duara lako."

Kaka yangu hakufurahi. "Hela hizo zingemaliza paa la nyumba ya Pongwe," alisema. Mama mdogo akamjibu kwa upole: "Paa litasubiri, mwanangu. Magoti ya mama yako hayatasubiri."

Kwa hiyo mzazi unayesoma hapa, usidhani nakueleza safari ya watu wenye mali. Meli za aina hii ni ghali. Bei ni maelfu ya dola kwa mtu mmoja, na hapo hujalipa nauli ya ndege wala bima. Ilikuwa akiba ya miaka ya mtu mmoja anayefanya kazi ya zamu. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kupanga vizuri: ukikosea, hazirudi.

Mahali penyewe

Tulichagua Svalbard, visiwa vilivyo chini ya Norwei, kati ya bara la nchi hiyo na Ncha ya Kaskazini. Ukubwa wake ni zaidi ya mara mbili ya mkoa wa Tanga, lakini wakazi ni kiasi cha watu elfu tatu tu. Zaidi ya nusu ya ardhi yake imefunikwa na mito ya barafu, yaani barafu nene iliyojilimbikiza kwa karne nyingi, ambayo inasogea polepole kuelekea baharini. Hakuna msitu. Mji mkubwa unaitwa Longyearbyen, ambao zamani uliishi kwa makaa ya mawe.

Mholanzi Willem Barentsz aliviona visiwa hivyo mwaka 1596, na baada yake wakaja wawindaji wa nyangumi. Mkataba wa mwaka 1920 ndio ulioipa Norwei mamlaka juu yake.

Watu huenda huko kwa meli kati ya Juni na Agosti. Pale Longyearbyen jua halizami kuanzia karibu tarehe 20 Aprili mpaka baada ya tarehe 20 Agosti. Joto la Julai kwa wastani ni nyuzi sita au saba, ingawa Julai 2020 lilifika nyuzi 21.7, rekodi iliyowashtua wenyeji. Eneo hilo linapata joto kwa kasi kubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Sisi tuliozoea kuona theluji ya Kilimanjaro ikipungua tunaelewa maana yake.

Kwa nini meli inauliza maradhi yako

Longyearbyen ina hospitali, lakini ni ndogo, ya kuhudumia dharura na magonjwa ya kawaida. Mgonjwa mzito hupelekwa kwa ndege mpaka Tromsø. Wajawazito wa pale huhamia bara wiki kadhaa kabla ya siku za kujifungua, kwa sababu mji haukujengewa huduma hiyo.

Hiyo ni hali ya mjini. Meli ikishaondoka na kwenda kaskazini, unaweza kuwa mbali na hospitali hiyo kwa saa nyingi. Msaada ni helikopta ya uokoaji, na helikopta nayo inategemea hali ya hewa. Ukungu ukishuka, mnasubiri.

Ndiyo maana kampuni nyingi za meli hizi hutaka mambo mawili kabla ya kukuthibitishia nafasi: fomu ya afya iliyojazwa kwa ukweli, na bima ya safari inayolipia kumhamisha mgonjwa kutoka maeneo ya mbali. Bima nayo ina masharti. Ukificha ugonjwa uliokuwa nao, kisha ukaugua kwa sababu hiyo hiyo, kampuni ina haki ya kukataa kulipa.

Nilimpigia mama mdogo usiku ule nikamweleza habari ya "upepo". Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi ndiye nitakayekaa naye kitandani Tromsø likitokea la kutokea. Na ndiye nitakayeletewa ankara ya ndege. Lakini hata hilo si kubwa. Daktari wa meli atamtibu vipi mtu asiyemjua?"

Asubuhi nikajaza "ndiyo". Mama hakunisemesha mpaka adhuhuri.

Daktari akakataa kusaini

Fomu ilitaka saini ya daktari, basi tukaenda kliniki. Alimpima mama mara tatu, mkono wa kulia na wa kushoto. Presha ilikuwa 168 kwa 98.

"Mama, dawa unameza kila siku?" akauliza.

"Nameza."

"Kila siku?"

Mama akatazama mkoba wake. Ndipo tukajua kuwa kwa karibu mwaka mzima alikuwa akimeza dawa za presha siku moja, siku ya pili anapumzika, ili boksi moja lidumu miezi miwili. Hakutaka kutusumbua watoto na gharama. Siku anazojisikia kichwa kizito ndipo alipokuwa akimeza siku mbili mfululizo.

Nilikuwa nimekaa pale, mwandishi wa afya, binti yake wa kuzaa, na sikuwa najua.

Daktari akarudisha fomu bila saini. "Siikatai safari," akasema. "Naikataa presha hii. Mtu aliyewahi kupata kiharusi cha kupita, mwenye kisukari, na presha ya namna hii, simpeleki hata Lushoto. Nipe miezi mitatu."

Ilikuwa Februari. Meli ilikuwa ya mwisho wa Julai.

Tulianza. Dawa kila asubuhi, kila siku, kwenye kiboksi chenye vyumba saba. Chumvi ikapungua, na papa wa chumvi akawekwa pembeni, jambo lililomuuma kuliko yote. Kila jioni mama alitembea mpaka shule yake ya zamani, akapanda na kushuka ngazi za darasa la saba, kwanza mara tano, baadaye mara ishirini. Kaka, yule yule aliyekuwa akipigia hesabu mabati, ndiye aliyechukua jukumu la kununua dawa kila mwezi. Alimwambia mama, "Ukizipunguza tena nitajua, nazihesabu."

Katikati ya Mei presha ilikuwa 134 kwa 82. Sukari imeshuka pia. Daktari akasaini, na akaandika barua ya ukurasa mmoja: maradhi, dawa kwa majina yake halisi na vipimo, na nini kifanyike hali ikibadilika. Kampuni ya kwanza ya bima ilitukatalia. Ya pili ilikubali kwa kuongeza malipo, na ikaandika wazi kuwa kiharusi cha nyuma kimejumuishwa. Karatasi hiyo niliisoma mara nne.

Viza ya kuingia zaidi ya mara moja

Hapa wengi wanakwama, basi tusome polepole. Svalbard yenyewe haidai viza. Lakini iko nje ya eneo la Schengen, na njia ya kwenda huko hupitia Norwei bara, ambayo iko ndani. Ukiruka kwenda Longyearbyen umetoka Schengen. Ukirudi Tromsø au Oslo unaingia upya. Kwa hiyo Mtanzania anahitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukiwa na ya kuingia mara moja tu, safari ya kurudi inakuwa tatizo.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida uamuzi huchukua siku 15, ingawa unaweza kuchelewa. Ada ilipandishwa Juni 2024 hadi yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima inayotakiwa kwa viza ni ya kuanzia yuro 30,000, lakini kwa meli ya Aktiki kiasi hicho ni kidogo, chukua kubwa zaidi. Mama mdogo alitutumia barua ya mwaliko na fomu ya dhamana. Kwenye barua yetu ya maombi tukaeleza kwa tarehe: tunaingia siku hii, tunatoka kwenda Svalbard siku hii, tunarudi siku hii.

Mitumba na mbegu za mifukoni

Nguo za baridi tulizipata Karume, kwa wauza mitumba. Kanuni ni tabaka tatu. La ndani liwe sufu au kitambaa cha michezo kinachokausha jasho, siyo pamba, kwa sababu pamba ikilowa inakupoza. La kati liwe sweta nene. La nje lizuie maji na upepo. Ongeza kofia inayofunika masikio, glavu jozi mbili na miwani ya jua, maana mwanga unaorudi kutoka kwenye barafu unaumiza macho. Mabuti marefu ya mpira meli nyingi huazima abiria.

Kabla ya kushuka mara ya kwanza, wafanyakazi wa meli walikagua nguo za kila mtu. Kwenye jaketi la mama, katika ule mkanda wa kunata, walikuta mbegu tatu za majani. Wakazitoa kwa kibano. Huko hawataki mmea wa kigeni uingie. Mabuti nayo yanasuguliwa na kuoshwa kwa dawa kila unaposhuka na kupanda, ili watu wasisambaze magonjwa kama mafua ya ndege. Mama, mwalimu aliyekagua kucha za watoto kila Jumatatu, alifurahia ukaguzi huo kuliko abiria wote.

Dawa, baridi na swala

Mambo machache ya afya tuliyojifunza yanaweza kukufaa hata kama unakwenda Makete tu.

Baridi hubana mishipa ya damu, na presha hupanda. Mgonjwa wa presha afunike uso na shingo, asitoke ghafla kutoka kwenye joto kwenda kwenye upepo. Kipimo cha sukari nacho hakipendi baridi. Kikipoa sana hukataa kufanya kazi au hudanganya. Mama alikibeba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kwa wanaotumia insulini, isiachwe igande. Ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka.

Beba dawa zote kwenye begi la mkononi ndani ya ndege, na za ziada za wiki mbili. Saa za Norwei wakati wa kiangazi ziko nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo ratiba ya dawa haivurugiki sana.

Kwa wenye kuumwa na bahari, chumba cha chini katikati ya meli huyumba kidogo kuliko vya juu na vya mbele. Dawa za kichefuchefu nyingine huleta usingizi na nyingine hazielewani na dawa za presha, basi muulize daktari kabla ya kusafiri. Na mtu anayetapika sana huku anatumia dawa za kukojoza au za kisukari amwone daktari wa meli mapema, asivumilie.

Usingizi ni kazi. Saa sita za usiku jua liko juu, jeupe, kama la saa tatu asubuhi. Kitambaa cha kufunika macho kilituokoa.

Mama alikuwa na swali lake mwenyewe. "Magharibi nitaisali saa ngapi, na jua halizami?" Alimuuliza sheikh wa mtaani kwetu kabla hatujaondoka. Akamwambia wanazuoni wana rai zaidi ya moja: wengine hufuata mji wa karibu wenye usiku na mchana, wengine hufuata saa za Makka. Mama akachagua Makka. Saa ya Makka ni ile ile ya Tanga, basi simu yake hakuibadilisha siku zote za safari.

Walrasi aliowakosa

Meli yetu ilikuwa na abiria mia na kidogo. Tangu Januari 2025, meli zinazoingia maeneo ya hifadhi ya Svalbard haziruhusiwi kubeba abiria zaidi ya 200, na ndani ya hifadhi hizo mnashuka pale tu paliporuhusiwa. Siku ya kwanza daktari wa meli alimwita mama. Fomu yetu ilikuwa mezani kwake, imepigiwa mistari. "Nimekusoma," alimwambia kwa kupitia mimi. Wakakubaliana: presha itapimwa kila asubuhi kabla ya boti, na yeye ndiye mwenye neno la mwisho.

Siku ya pili asubuhi tulifika Poolepynten, ufukwe ambao walrasi hupumzikia. Walrasi ni mnyama mkubwa wa baharini, jamaa wa sili, mwenye pembe mbili ndefu zinazoshuka kutoka mdomoni. Waliwindwa kwa pembe hizo na mafuta yao mpaka wakakaribia kuisha huko, kama walivyowindwa ndovu wetu kwa meno yao. Walianza kulindwa mwaka 1952, na sasa wanaongezeka.

Presha ya mama asubuhi hiyo ilikuwa 162. Hakulala vizuri. Daktari akatikisa kichwa: pumzika, tutapima tena mchana.

Mama alikasirika. Alinitazama kama siku ile ya barazani. Niliona kabisa anachofikiri: ningeandika "hapana", leo nisingezuiwa. Nikasema nitabaki naye. "Nenda," akasema. "Mtu mmoja lazima awaone."

Nikaenda. Walikuwa kama ishirini, wamelaliana kama magunia ya mkonge bandarini, wa rangi ya udongo mwekundu. Mmoja akainua kichwa, akatutazama, akalala tena. Niliporudi mama hakuuliza ukubwa wao wala pembe zao. "Wananukaje?" akauliza. Nikamwambia: banda la ng'ombe ambamo mtu amemwaga ndoo ya samaki. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Mchana presha ilikuwa 138.

Baba na kifaranga

Zilizobaki hakukosa. Dubu tulimwona kutoka sitahani, kwa darubini. Sheria mpya inataka mkae umbali wa angalau mita 300, na mita 500 kuanzia Machi mpaka mwisho wa Juni. "Yule?" mama akauliza. "Nilidhani jiwe." Hakuwa mweupe hata kidogo, alikuwa wa rangi ya samli, amelala tumbo. Mshuko wa alasiri ukafutwa kwa sababu yake, na hakuna aliyelalamika. Pale dubu ndiye mwenye nyumba. Kila mnaposhuka, waongozaji hutangulia na bunduki na fataki za kumfukuzia, na wakimwona mnarudi melini.

Mwongozaji alituonya pia tusimguse mbweha, hata akija karibu kama paka wa jirani, kwa sababu mbweha wa huko wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa.

Alkefjellet ni jabali refu lililosimama wima baharini, limejaa ndege weusi kwa weupe, makumi ya maelfu, bega kwa bega. Hawajengi kiota. Yai moja linataga juu ya mwamba mtupu. Kifaranga akifika kama wiki tatu, kabla hajajua kuruka, hujirusha mwenyewe baharini. Na anayemfuata majini, kumlisha na kumlinda kwa wiki kadhaa, ni baba. Nilimtumia kaka sauti ya ndege hao. Akajibu, "Mwambie mama na mimi namlinda, dawa za Agosti nimeshanunua."

Kama unapanga na watoto

Safari hizi si za watoto wadogo. Baadhi ya meli huweka umri wa chini, na boti za mpira zinahitaji mtoto anayesikia neno mara moja. Wajawazito wengi pia hawapokelewi baada ya miezi fulani; uliza kabla ya kulipa. Ukiwa na watoto, au mzee ambaye daktari hakumruhusu kukaa wiki baharini, kuna njia ya kati: kaa Longyearbyen, panda boti ya siku moja inayokwenda kuona mto wa barafu na kurudi jioni. Gharama ni ndogo sana ukilinganisha, na hospitali hamuiachi mbali. Daktari wetu angekataa tena Mei, huo ndio uliokuwa mpango wetu wa pili.

Anza mwaka mmoja kabla. Anza na kliniki, siyo na tiketi. Na mjaze fomu pamoja, mzee akiwepo, kwa sauti.

Bluu

Siku ya tano tuliingia Liefdefjorden kwa boti za mpira, mpaka mbele ya mto wa barafu wa Monaco. Ni ukuta. Umepasuka-pasuka, na ndani ya nyufa zake kuna bluu ambayo sijaiona mahali pengine. Mwongozaji akazima injini. Vipande vya barafu vilivyotuzunguka vilikuwa vinatoa sauti, chwaa, chwaa, kama bajia zinazotumbukizwa kwenye mafuta. Ni hewa ya kale iliyofungwa ndani, inatoka barafu inapoyeyuka.

Mama alivua glavu moja, akaokota kipande kidogo majini, akakishika mpaka mkono ukamuuma.

"Miaka yote ile nawachorea nyeupe," akasema. "Na chaki ya bluu nilikuwa nayo kabatini."

Mwezi uliopita nilimsindikiza kliniki kama kawaida. Muuguzi alikuwa mgeni, akafungua faili jipya na kuanza maswali. Presha? Kisukari? Umewahi kupata kiharusi au dalili zake? Nikafungua mdomo ili nijibu. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Ndiyo," akasema. "Andika."